Jibu Nililokupa Mwaka wa Msiba

Mwanangu Kabula,

Zile salamu za "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali" hazitufai leo, maana uko chumba cha pili na nasikia zipu ya begi lako inavyogoma. Usiivute kwa hasira, ilishakatika mara moja. Hiyo ndiyo nasaha pekee ya safari utakayoipata humu. Habari za kufunga mlango, kutokula vya njiani na kutotoa simu ovyo stendi, shangazi yako ameshakupa tangu juzi, tena kwa sauti inayofika hadi kwa jirani.

Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Jana nilikuwa uani nachota maji kwenye pipa nikakusikia jikoni ukimwambia shangazi Kwandu, "Nitaenda Dodoma nimalize ile miezi ya majaribio, halafu nitarudi. Kwa ajili ya baba." Na dada yangu, ambaye Mungu hakumnyima neno, akakujibu, "Afadhali, ng'wanone, mwanangu. Baba yako hawezi kukaa peke yake. Si alisema mwenyewe?"

Nilibaki na ndoo mkononi. Ni kweli, nilisema mwenyewe. Ulipoikataa kazi ya kwanza mwaka jana, uliikataa kwa sababu ya neno langu hilo, na sasa wamekuita tena unakwenda na neno lile lile mfukoni, ukiwa umeshapanga siku ya kurudi kabla hujaondoka. Ukirudi safari hii hawatakuita mara ya tatu. Ndiyo maana naandika. Sitaki uupoteze mwanzo wa maisha yako kwa kufuata jibu ambalo halipo tena.

Nitalieleza kwa njia ya kazi yetu, kwa sababu huko ndiko mimi na wewe tunakoelewana bila kugombana. Unayajua haya, nilikufundisha mwenyewe, lakini nivumilie niyaeleze kama vile mara ya kwanza. Shangazi yako ataiomba barua hii aisome, wewe na mimi tunamjua, na ningependa naye aelewe.

Kule mtamboni, tunakochenjua dhahabu, kompyuta zimetapakaa kila pembe: kwenye pampu, kwenye mizani, getini, maabara. Mtu hawezi kuzizungukia kila siku aipange hii na aipange ile. Kwa hiyo tunaandika mahali pamoja kila moja iwe vipi. Kila kitu tunakipa jina, na chini ya jina tunaandika vigezo vyake, na mbele ya kila kigezo thamani yake. Programu inasoma maandishi yetu kuanzia juu, ikimaliza inakwenda kuzipanga kompyuta zote kama tulivyoagiza. Na kitu kimoja kikihitaji thamani iliyoandikwa chini ya kingine, huna haja ya kuiandika tena. Unakiambia tu: kamuulize yule.

Nakumbuka siku nilipokuonyesha hilo. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, umechoka kukaa nyumbani. Ukasema, "Kwa hiyo baba, huu ni uvivu uliofundishwa vizuri." Nilicheka mpaka mhandisi wa zamu akachungulia mlangoni. Lakini ulikuwa sahihi, na ni uvivu wenye akili, kwa sababu kitu kikiandikwa sehemu mbili lazima siku moja sehemu hizo zipishane.

Tatizo la uvivu huo linaitwa wakati. Ukikiambia kitu kimoja kikamuulize mwenzake, kitajibiwa kile ambacho mwenzake anacho wakati huo huo wa kuulizwa. Kama chini kabisa, kwenye faili jingine, kuna mstari unaokuja kubadilisha thamani ile, aliyekwisha kuuliza hataambiwa. Atatembea na jibu la zamani. Na programu haitalalamika, haitaleta maandishi mekundu, haitasimama. Kwa upande wake hakuna kosa lolote. Aliuliza, akajibiwa kweli, akaondoka.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga. Hakuna aliyetuambia kwamba kuuliza mapema nako kuna hasara zake.

Habari ya bwawa unaijua kwa juu juu. Ulikuwa bweni, kidato cha pili, ukasikia tu kwamba baba amepata matatizo kazini na kwamba ng'ombe wa watu wamekufa. Sikuwahi kukuketisha nikakueleza kilichotokea ndani ya mafaili, kwa aibu, na baadaye kwa mazoea ya kutokueleza. Leo unakwenda kuzitunza kompyuta za hospitali, ambako upande wa pili wa kila thamani kuna mtu amelala kitandani. Hutaondoka bila kuijua.

Maji yanayotoka mtamboni yana dawa kali, yanakusanywa kwenye bwawa lenye kingo za udongo. Kuna kifaa kinachopima kimo cha maji. Kimo kikivuka kikomo, mambo mawili hutokea: pampu inawaka yenyewe kuyarudisha maji mtamboni, na simu za watu wa zamu zinapata ujumbe, ili kama pampu imegoma waende wenyewe. Kikomo nilikiandika chini ya jina la bwawa. Kile kituma ujumbe hakikuwa na kikomo chake, nilikiambia kamuulize bwawa. Na kituma ujumbe nilikiandika juu kabisa ya faili, kwa sababu nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe na nilikuwa nakionea fahari.

Mvua zilipokaribia, mhandisi akaniambia, "Baba Kabula, shusha kikomo. Mwaka huu tusisubiri maji yafike juu." Nikaongeza faili la msimu wa mvua, likashusha kikomo cha bwawa. Nikaenda kwenye bwawa nikaangalia: kikomo kipya kipo. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Sikukiangalia kituma ujumbe. Ningekiangaliaje, wakati nilishakiambia kamuulize bwawa? Akilini mwangu walikuwa kitu kimoja. Lakini chenyewe kilikuwa juu, kilisomwa kwanza, kiliuliza kabla ya faili la mvua kufika, na kikaondoka na kikomo cha kiangazi.

Ikaja Jumapili, tumetoka kanisani. Mvua unazijua za kwetu, zile zinazonyesha kama zimetumwa. Umeme ukakatika mtamboni, pampu ikalala, kituma ujumbe kikabaki kwa betri yake. Ujumbe ule ulikuwepo kwa ajili ya saa kama hiyo, mwenye zamu apate nafasi ya kuwasha jenereta. Ulipokuja, ulikuja kwa kikomo cha zamani, maji yakiwa yameshafika ukingoni. Tulipofika na pikipiki yalikuwa yanashuka bondeni, kwenye majani anakolishia Baba Shija.

Ng'ombe wake wengi walikunywa yale maji. Kwa mtu wa mjini, ng'ombe ni nyama na maziwa. Wewe ni Msukuma, sina haja ya kukueleza alichopoteza mzee yule. Zizini mwake kulikuwa na mahari ya wanawe ambao hata kunyolewa ndevu walikuwa hawajaanza.

Kampuni ilituma watu wake wakazungumza naye mambo ya fidia. Mimi nilikwenda peke yangu siku nyingine, au niseme nilitaka kwenda peke yangu, mama yako akajitanda khanga akasema huwezi kwenda kwenye msiba wa watu bila mwanamke. Tukamkuta Baba Shija amekaa kwenye kigoda nje ya zizi, hajavaa viatu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Eleza basi. Wale wengine wameniambia ni bahati mbaya."

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe hapo juu, vibaya zaidi. Nilimwambia kwamba kompyuta haikuharibika, kwamba niliipanga mimi, na kwamba ile ya ujumbe ilibaki na kikomo cha kiangazi kwa sababu niliiweka iulize kabla. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hayo mafaili yako siyaelewi na sitaki kuyaelewa. Ila wewe umekuja. Sasa nenda, kwa sababu nikiendelea kukutazama nitasema maneno ambayo mkeo hastahili kuyasikia." Mama yako akapiga magoti akamshukuru, "Wabeja, baba," nasi tukaondoka. Hatukupewa maji ya kunywa, na mimi nisingeweza kuyanywa.

Huyo Baba Shija hakunisamehe, kama ulikuwa unasubiri sehemu hiyo. Tunasalimiana mnadani, basi. Nimejifunza kuishi na hilo pia, kwamba kuna watu utawakosea na utaendelea kukutana nao sokoni.

Kilichonibadilisha kilitokea njiani tukirudi. Tulikuwa tunatembea, pikipiki nimeiburuza kwa sababu ya tope, na mimi naendelea kujitetea kwa mama yako kama vile yeye ndiye bodi ya kampuni. Nikamwambia, "Lakini niliuliza, Mama Kabula. Kile kitu kiliuliza na kikajibiwa."

Akasema, "Kiliuliza mara moja?"

"Mara moja ndiyo kawaida yake."

"Basi kinafanana na wewe."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasimama, akakung'uta tope kwenye ndala, akaniambia bila hasira yoyote, "Mwaka ulionioa uliniuliza kama nitapenda kuishi Buseresere. Nikasema ndiyo. Nilikuwa msichana, nilikuwa nimekupenda, ungeniuliza kama nitapenda kuishi juu ya mti ningesema ndiyo. Hujauliza tena."

Mwanangu, nilihisi kama nimepigwa kofi. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu kwa kujiamini, "Mke wangu anapapenda sana Buseresere." Wageni nimewaambia, ndugu nimewaambia, mama mkwe wangu nilimwambia usoni. Na kila nilipoamua jambo, kujenga, kukataa uhamisho, kununua kiwanja cha pili, niliamua kwa jibu lile la bibi harusi.

Nikamuuliza pale pale, kwenye tope. "Na sasa, unapapenda?"

Akasema kwamba kila msimu wa kulima ukifika anaota shamba la kwao Ushetu, harufu ya tumbaku ikikaushwa mabanini, sauti ya mama yake akigombana na kuku. Hakutaka kuhama. Alitaka tu kwenda kulima kila mwaka halafu arudi. Jambo dogo kiasi hicho! Angelipata tangu zamani kama ningefungua mdomo. Tangu mwaka ule akawa anakwenda, unakumbuka, ulikuwa unalalamika kwamba likizo inakukuta na baba na mboga zake za kuungua. Alikwenda kila msimu mpaka ugonjwa ulipomzuia. Nilichelewa kuuliza, lakini nashukuru kwamba niliuliza.

Ungedhani mtu aliyefundishwa namna hiyo na mkewe, na bwawa, na ng'ombe wa watu, asingerudia. Ngoja.

Tulimzika mama yako Ushetu, alikotaka. Tukakaa matanga, watu wakatawanyika, mimi na wewe tukarudi kwenye nyumba hii. Nadhani ilikuwa asubuhi ya pili. Nilikuwa nimekaa jikoni, chai imepoa, sikumbuki kuimimina. Ukaja ukasimama mlangoni na simu mkononi. Ukaniuliza, "Baba, wale watu wa Dodoma wanataka jibu. Nikienda, utaweza?"

Nikasema, "Siwezi, mwanangu."

Hukulia, hukubisha. Ulitoka uani ukawapigia. Nilikusikia ukisema, "Asanteni, lakini kwa sasa nina majukumu ya familia."

Sikukudanganya. Nataka ulijue hilo, maana usije ukafikiri nilikuwa nakushika kwa hila. Siku ile sikuweza kweli. Sikuweza kulala upande wangu wa kitanda, sikuweza kupita mbele ya khanga zake, sikuweza kuwasha jiko bila kumwita aje aniambie kiberiti kiko wapi. Ungeondoka siku ile, sijui kama ungenikuta. Jibu lilikuwa la kweli kwa siku lilipotolewa.

Kosa langu limekuja baadaye, na nalisema bila kulizungusha. Nilianza kuweza, na sikukuambia. Kwa sababu ilikuwa tamu, Kabula. Nikitoka kazini nakuta taa inawaka. Ugali wa moto, na mtu wa kubishana naye habari za seva, na kikohozi chako upande wa pili wa ukuta kinachoniambia nyumba ina watu. Nilikuona ukishinda kwenye lile duka la kudurufu pale senta, wewe unayeweza kuipanga hospitali nzima, unatoa nakala za vyeti vya watu na kutengeneza simu zilizoingia maji. Nilijua. Kila mara nikijiambia nitasema mwisho wa mwezi. Na shangazi yako akawa amelichukua lile jibu amelitangaza kwa ukoo mzima, kwa hiyo kila aliyekuja hapa alikuja tayari akijua kwamba Baba Kabula hawezi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Na mimi sikumsahihisha hata mmoja.

Na wala si wewe peke yako uliyekuwa ukitembea na jibu la zamani. Ule usiku wa radi mwezi uliopita, niliruka kitandani nikakimbilia mlangoni kwako, maana ninavyojua mimi Kabula anaogopa radi, hujificha chini ya meza na kuniita. Nikakuta kitanda kitupu. Nikatoka nje roho juu, nikakukuta umesimama barazani unaipiga picha. Ukaniambia, "Baba, rudi ndani, utalowa." Nilirudi, nikacheka peke yangu, halafu nikasikitika. Mtoto anayeogopa radi nilimjua vizuri sana. Huyu aliyesimama pale sikuwa nimemuuliza chochote kwa miaka.

Sasa nikwambie nilivyo leo, si mwaka jana.

Naweza. Naamka, nachemsha chai, naikumbuka kuinywa. Ugali wangu una mabonge, hilo nalikubali, lakini nsansa yangu, ile mboga ya majani makavu, uliisifu mwenyewe wiki iliyopita ukidhani ni ya shangazi yako. Khanga za mama yako nimezigawa kwa dada zake, nimebakiza moja, naipita bila kusimama. Siku za jumuiya nakwenda, nimeanza hata kuimba, kwa hasara ya wengine. Kaburini Ushetu nakwenda na kurudi nikiwa mtu yule yule aliyekwenda. Usiku nikizinduka, nasikiliza kidogo, halafu nalala.

Kukukosa, nitakukosa. Usije ukachanganya hayo mawili. Kesho basi likishapinda barabara ya Geita, najua nitasimama pale stendi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nitaumia, na huenda nikaumia muda mrefu. Lakini mtu anaweza kuumia na bado akaweza. Hilo sikulijua mwaka jana, na ndiyo sababu nilikujibu nilivyokujibu.

Huko uendako utakuta mafaili yameandikwa na watu walioondoka zamani. Utaona mahali kitu kimoja kinamuuliza mwenzake, na yote yanaonekana safi. Usimwangalie anayeulizwa tu, nenda kamwangalie na aliyeuliza, uone ana nini mkononi. Na thamani ambayo vitu viwili vinaitegemea, itoe huko ilikojificha uiweke juu kabisa, peupe, kabla ya yeyote kuhitaji kuuliza, wote waichukue pale. Mimi nilifanya hivyo baada ya bwawa, na mtambo haujanisaliti tena. Nyumbani sikufanya, nadhani kwa sababu kwenye mtambo nilikuwa naogopa kuua, na nyumbani nilidhani hakuna kinachokufa.

Utapata marafiki, utapata mwanamume labda, sitaki kujua mapema. Utawaambia mambo ya kweli, halafu utabadilika. Waambie ukibadilika. Usiwaache wakupende kwa jibu la zamani, hata kama wanakupenda vizuri. Na wao waulize zaidi ya mara moja. Wengi wetu hatusemi mpaka tuulizwe, mama yako alikuwa hivyo, na alikuwa na kila aina ya ujasiri isipokuwa huo.

Mimi niulize kwa simu wakati wowote. Usimuulize shangazi yako hali yangu. Nampenda, lakini dada yangu akishasikia kitu mara moja anakitunza kama mbegu.

Nimebakiza moja, nalo nimelifanya bila ruhusa yako, kwa hiyo kasirika ukitaka, utakuwa na safari nzima ya kukasirika.

Najua barua haitoshi. Utaisoma ndani ya basi, utalia kidogo, halafu ikifika mwezi wa tatu mtu atakupigia kukwambia baba yako amekohoa, na wewe utafungasha. Nakujua, hapo hujabadilika. Kwa hiyo nimezungumza na yule mwalimu mpya wa shule ya msingi, aliyeletwa hapa na mkewe na hawana pa kulala. Chumba chako nimewapa wao. Wanahamia ukishaondoka. Ufunguo niliwapa leo mchana ulipokuwa sokoni, na niliporudi ndani nilikaa kwenye kitanda chako nikalia kama mtoto. Kisha nikaosha uso nikapika zile mboga ulizokula jioni hii.

Kwa hiyo huna chumba Buseresere, Kabula. Huwezi kurudi kunitunza, hakuna pa kulala. Siku ukija kwa sababu umenikumbuka tu, utapiga hodi kama mgeni, nitakuchinjia kuku kama mgeni, na mimi nitalala sebuleni ili wewe ulale kitandani kwangu, upande wa mama yako.

Nenda, mwanangu. Naweza.

Baba yako